WANAFUNZI WAWILI WA MWALIMU MMOJA

Watoto wa shule hupenda kubishana wakiulizana, "Ni nani aliye hodari kupita wote katika michezo?" Mmoja hupita wenzake kwa mbio, wa pili kwa kuruka, na wa tatu kwa nguvu za mikono. Je, watu kama hawa twaweza kuwapimaje kwa kipimo kimoja?

Katika michezo mikubwa ya ulimwengu iko njia ya kujibu swali hili, nayo huitwa dekathloni, maana yake mashindano kumi. Mtu mmoja hushindana katika mambo kumi kwa muda wa siku mbili tu. Siku ya kwanza hukimbia meta 100, huruka mbali, hurusha tufe zito la chuma, huruka juu, kisha hukimbia meta 400. Siku ya pili hukimbia meta 110 akiruka viunzi, hurusha kisahani, huruka kwa upondo mrefu, hurusha mkuki, na mwisho, viungo vyote vikiwa vimechoka, hukimbia meta 1,500.

Tena yatupasa kufahamu jinsi ushindi unavyohesabiwa. Hapa hawahesabu ni mara ngapi mtu amewatangulia wenzake. Kila kipimo, kiwe cha muda au cha urefu, hugeuzwa kuwa alama, na alama za mambo yote kumi hujumlishwa pamoja. Mwenye jumla kubwa ndiye mshindi. Likumbukeni sana jambo hili, kwa maana bila hilo habari tutakayosoma leo haitaeleweka.

Katika nchi ya Marekani, mwaka 1934, alizaliwa mtoto aliyeitwa Rafer Johnson. Kwao kulikuwa Texas, lakini wazazi wake walihamia California kutafuta kazi, wakakaa katika mji mdogo wa Kingsburg. Walikuwa maskini, hata kwa muda makao yao yalikuwa behewa la gari la moshi. Mwaka 1952 mwalimu wake wa michezo alimchukua mpaka Tulare, mji usio mbali na kwao, amtazame Bob Mathias, bingwa wa dekathloni wa Olimpiki. Kijana alitazama kwa makini, na aliporudi nyumbani alikuwa amekata shauri moyoni kwamba kazi ile na yeye ataiweza.

Mwaka 1954 Johnson aliingia Chuo Kikuu cha California katika mji wa Los Angeles. Huko alifundishwa na Elvin Drake, mwalimu wa michezo aliyejulikana sana. Haukupita muda mrefu matunda yakaonekana. Mwaka 1955 Johnson alishindana mbele ya watu wa mji wake mwenyewe wa Kingsburg, akapata alama 7,985, ambazo wakati ule hakuna mtu duniani aliyepata kuzifikia.

Lakini njia ya mwanamichezo haikosi miiba. Mwaka 1956 alikwenda Melbourne, katika nchi ya Australia, kwa michezo ya Olimpiki. Alikuwa ameumia, naye akawa wa pili nyuma ya Mmarekani mwenzake, Milton Campbell. Hakukaa kujihurumia. Alirudi chuoni akaendelea na masomo na mazoezi, akacheza na mpira wa kikapu, na mwaka 1958 wanafunzi wenziwe walimchagua kuwa mkuu wa serikali yao. Mwaka ule ule alikwenda Moscow, akamshinda bingwa wa Urusi, Vasily Kuznetsov, mbele ya watu wake.

Sasa tumtazame kijana wa pili. Jina lake Yang Chuan-kwang. Alizaliwa mwaka 1933 katika kisiwa cha Taiwan, naye alikuwa wa kabila la Waamis, ambao ni wenyeji wa asili wa kisiwa kile. Mwaka 1954, na tena mwaka 1958, alikuwa mshindi wa dekathloni katika michezo ya bara la Asia. Kisha alivuka bahari kuu akaja Los Angeles, akaingia chuo kile kile, akawa mwanafunzi wa Drake yule yule.

Basi Drake alikuwa na wanafunzi wawili, na kila mmoja alitaka kuwa wa kwanza duniani. Pengine ungedhani watafichana siri na kuoneana wivu. Haikuwa hivyo. Walifanya mazoezi pamoja katika uwanja mmoja, wakawa marafiki. Yang alikuwa mwepesi wa mbio na hodari wa kuruka; Johnson alikuwa na nguvu za kurusha. Mmoja alipokosa, mwenziwe alikuwa nacho.

Mwaka 1959 Johnson alipata ajali ya motokaa, akaumia mgongo, na kwa muda mrefu hakuweza kushindana. Hata hivyo alijitahidi polepole mpaka nguvu zikamrudia. Mwezi wa Julai 1960, katika mji wa Eugene, alipata alama 8,683, jumla iliyopita zote zilizopata kuandikwa. Na aliyekuwa wa pili siku ile ni nani? Ni Yang. Sasa wote wawili walijua kwamba watakapokutana Roma, kila mmoja atakuwa na mshindani mmoja tu wa kumwogopa, naye ni rafiki yake.

Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1960 ilifanyika katika mji wa Roma. Siku ya kufungua, Johnson ndiye aliyeichukua bendera ya Marekani mbele ya wenzake; kabla yake hapakuwa na Mmarekani mweusi aliyepewa heshima hiyo. Mashindano ya dekathloni yalianza tarehe 5 Septemba. Mvua kubwa ilikatiza michezo, na siku ile ya kwanza haikuisha ila usiku. Yang alitangulia katika mbio zote mbili na katika kuruka kote kuwili. Johnson alimshinda katika tufe peke yake, lakini alimshinda kwa mbali: yeye alirusha meta 15.82, na Yang meta 13.33. Kwa sababu ya tufe lile moja, Johnson alikwenda kulala akiwa mbele kwa alama 55.

Asubuhi ya pili Johnson alikigonga kiunzi cha kwanza, mwendo wake ukaharibika, na Yang akachukua nafasi ya mbele. Kisha kikaja kisahani. Johnson alirusha meta 48.49, na Yang 39.83 tu, mambo yakageuka tena. Katika kuruka kwa upondo Yang alifika meta 4.30. Johnson alifika 4.10, naye tangu kuzaliwa kwake hakupata kuruka juu kiasi hicho. Baada ya mkuki, Johnson alikuwa mbele kwa alama 67, na lililobaki lilikuwa jambo moja: mbio za meta 1,500.

Mbio hizi Johnson hakuzipenda, na Yang alizijua vizuri. Hesabu ilikuwa hivi: Yang akimpita Johnson kwa sekunde kama 10, medali ya dhahabu ni yake. Usiku ulikuwa umeingia. Kabla ya kuanza, kila mmoja alimwendea mwalimu kutaka shauri, naye Drake hakumpendelea yeyote. Alimwambia Johnson amwandame Yang asimwache, hata Yang akimbie namna gani. Alimwambia Yang akaze mwendo, kwa kuwa Johnson hataweza kumfuata mpaka mwisho.

Wakaanza. Yang alitangulia, na Johnson nyuma yake. Yang alipokaza mwendo, Johnson alikaza. Alipotazama nyuma, alimwona papo hapo kama kivuli chake. Katika mzunguko wa mwisho Yang alitumia nguvu zote zilizombakia. Alimaliza kwa dakika 4 na sekunde 48.5. Johnson alimaliza kwa dakika 4 na sekunde 49.7, na mbio hizo zilikuwa bora kuliko zote alizopata kukimbia kwa urefu ule. Yang alimshinda, lakini si kwa sekunde 10. Alimshinda kwa sekunde 1.2 tu. Wote wawili walisimama wakihema, wakaegemeana.

Jumla ya Johnson ilikuwa alama 8,392, na ya Yang 8,334. Sasa fikirini: katika mambo kumi, Yang alimshinda Johnson katika mambo saba, naye akawa wa pili. Mshindi alipata kuongoza katika mambo matatu tu, tufe, kisahani na mkuki. Tena medali ile haikuokolewa na nguvu za mikono peke yake. Iliokolewa na upondo na mbio ndefu, mambo ambayo Johnson alishindwa, lakini alishindwa kwa kidogo. Mtu hupenda kufanya daima lile analoliweza, ili asifiwe. Mwenye akili hulitafuta lile asiloliweza, akalifanyia kazi kila siku, kwa maana haba na haba hujaza kibaba.

Yang naye hakuvunjika moyo. Mwaka 1963 alipata alama 9,121, akawa wa kwanza duniani. Urafiki wa watu hawa wawili haukukatika. Mwaka 1984 Michezo ya Olimpiki ilipofanyika Los Angeles, Johnson ndiye aliyeuwasha moto wa michezo. Yang alifariki mwaka 2007, na Johnson mwaka 2020. Wahenga husema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Na wawili hawa kila mmoja alikubali, kisha akarudi uwanjani.

MASWALI
1. Taja mambo kumi ya dekathloni kwa taratibu yake.
2. Johnson alimpita Yang kwa alama ngapi huko Roma?
3. Katika kisahani, Johnson alirusha mbali kuliko Yang kwa kiasi gani?
4. Kwa nini aliyeshinda mambo saba hakupata dhahabu?
5. Mwalimu Drake alimshauri nini kila mmoja? Je, alitenda haki?
6. Wewe ni dhaifu katika somo gani? Andika mambo mawili utakayofanya ili uendelee.