Somo: Kufunga na Kufungua Kundi Katika Mchoro wa Kompyuta



Katika maombi ya mradi wa maji, mwanakamati wa Usangi anaijua ndiva yake hata gizani, lakini mfadhili aliye mbali ana karatasi tu. Mchoro ukipotoka, makadirio ya fedha nayo yanapotoka. Somo letu safari hii ni namna ya kuzuia jambo hilo.

Tunatumia LibreOffice Draw, programu isiyolipiwa leseni. Ilitokana na OpenOffice mwaka 2010, ile ambayo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitolea tafsiri ya Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004.

Kundi ni nini?

Tuchukue mfano wa ramani ya bomba kutoka kwenye banio hadi ndiva, lile bwawa la Wapare linalojazwa maji usiku na kufunguliwa mchana ili mashamba yanyweshwe kwa zamu. Kwa kompyuta, mstari wa bomba, duara la ndiva, majina na kipimo ni vitu mbalimbali. Ukisogeza kimoja, vingine vinabaki. Kufunga kundi ni kuvifanya viende pamoja, kama kuni zilizofungwa mzigo mmoja: kila ukuni ni wake, lakini mzigo unabebwa mara moja.

Hatua za kufuata

1. Buruta kipanya kuzunguka vitu vyote unavyotaka, au bofya kimoja kimoja huku umeshikilia kitufe cha Shift.
2. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua Group. Kundi limefungwa.
3. Ukitaka kukuza au kupunguza, vuta kona huku umeshikilia Shift, ili urefu na upana vibadilike kwa uwiano ule ule.
4. Ukitaka kurekebisha kitu kimoja tu, bofya kundi mara mbili uingie ndani. Ukimaliza, bofya mara mbili nje yake. Hakuna haja ya kulifungua.
5. Ukitaka kuvitenganisha kabisa, bofya kitufe cha kulia, chagua Ungroup. Kama kuna kundi ndani ya kundi, hufunguka lile la nje tu.

Kwa nini jambo hili ni la fedha?

Tuseme kipimo cha mstari kina sentimita 2, kikiwakilisha mita 100. Bomba kwenye ramani lina sentimita 12, yaani mita 600. Kwa mabomba ya mita 6, tunahitaji 100. Sasa karani anakuza ramani ijaze ukurasa, bomba linafika sentimita 15, lakini kipimo hakikuwa ndani ya kundi na kimebaki sentimita 2. Msomaji atapata mita 750, sawa na mabomba 125. Mabomba 25 yameongezeka bila mtu yeyote kusema uongo. Kama kipimo kingekuwa ndani ya kundi, kingefika sentimita 2.5, na jibu lingebaki mita 600.

Kwa sababu hiyo, usiandike tu “sentimita 1 ni sawa na mita 50”. Maneno hayo hayabadiliki mchoro unapokuzwa, wala unapopunguzwa kwenye mashine ya fotokopi. Chora mstari wa kipimo, uufunge pamoja na ramani.

Tukumbuke pia kwamba ramani ni bapa na milima yetu siyo. Kwenye mteremko bomba halisi huwa refu kuliko linavyoonekana. Kabla ya kununua, njia ipimwe kwa kamba au futi ardhini.

Zoezi la kamati

Fungueni mchoro wenu wa mwisho, msogeze ndiva. Je, jina lake na kipimo vimekwenda nayo? Kama vimebaki, fungeni kundi kabla ya kuutuma ofisini.