Kutoka Springi ya Gari hadi Kisu: Uchunguzi wa Msamiati wa Uhunzi

1.0 Utangulizi

Mzinga, kata ya Manispaa ya Morogoro chini ya milima ya Uluguru, inajulikana zaidi kwa shirika la jeshi lenye jina hilo, ambalo hutengeneza zana kwa mitambo. Makala hii inahusu upande wa pili wa kazi ya chuma: kisu kinachoundwa nyumbani kwa zana chache, na maneno yanayohitajika ili ufundi huo ufundishwe kwa Kiswahili.

2.0 Msamiati Uliopo

Kitenzi fua, yaani kuponda chuma kwa nyundo, ni cha asili ya Kibantu, na ndicho kilichozaa nomino fuawe. Hali kadhalika, vukuta imezaa mvukuto, na noa imezaa kinoo. Sehemu za kisu nazo zina majina yake: makali, bapa, ncha, na msuka unaoingia katika mpini. Katika kutaja zana na umbo, basi, lugha haina upungufu mkubwa.

3.0 Pengo la Istilahi

Tatizo limo katika moto. Springi ya gari ina kaboni takriban asilimia 0.6, kiasi kinachotosha kukipa chuma ugumu. Nondo ya kawaida ya ujenzi haina kiasi hicho. Bamba lililokwisha kufuliwa hupashwa moto hadi lisinaswe tena na sumaku, kisha huchovywa katika mafuta. Hapo huwa gumu, lakini huweza kuvunjika kama kioo. Kwa hiyo husuguliwa, likapashwa tena kwa nyuzi 200 hadi 230 za Sentigredi, mpaka litoe rangi ya majani makavu.

Kupasha moto, basi, hutaja matendo mawili yenye makusudi tofauti. Mwanagenzi asiyebainishiwa huweza kuzidisha moto wa pili na kuufuta ugumu wote alioupata. Kuchovya nako hutaja tendo la mkono tu, si badiliko la chuma.

4.0 Hitimisho

Inapendekezwa kukaza kutumike kwa hatua ya kwanza, na kutuliza kwa ya pili. Kulegeza hakufai, kwa kuwa hudokeza kuondoa ugumu kabisa. Hata hivyo, kabla ya istilahi hizi kufikishwa BAKITA, baraza lililoundwa mwaka 1967, yafaa kwanza zijaribiwe kiwandani mwa mhunzi.