Msumeno wa mnyororo kwa kuni za nyumbani

Kama kuni zako ni matawi ya mwembe na magogo ya mkaratusi, injini ya cc 35 hadi 45 yenye upanga wa inchi 14 au 16 inatosha. Ile mikubwa ya kupasulia mbao waachie wapasuaji. Ni mizito na inakunywa petroli. Unakatia uani penye umeme? Chukua wa umeme. Wa wati 2,000, ukiunguruma saa nzima mfululizo, unakula uniti 2 za LUKU.

Dukani usitoe hela kabla haujawashwa. Sukuma mbele kikinga mkono, kisha bonyeza mafuta kidogo: mnyororo ukizunguka, breki ni mbovu, urudishe. Ulizia na minyororo ya akiba hapa hapa Mwanza, maana kwa mawe haya ya Mkuyuni utaihitaji mapema. Gogo lipandishe juu ya gogo jingine. Meno yakigusa jabali mara moja tu, unakaa chini kunoa na tupa.

Kijitabu kikisema 1:50, weka mililita 20 za oili ya 2T kwa lita 1 ya petroli. Oili ya mnyororo ina tangi lake.

Usajili na kibali cha kukata, kaulizie kwanza kwa afisa misitu au TFS.