Shaka yako si ya kipimo

*Shangazi, mimi ni mwanamume wa miaka 29, naishi Mombasa. Napenda wanaume, na nimewahi kuwa na wapenzi wa kike pia. Mwaka jana nilinunua kipimo cha kujipima VVU nyumbani, lakini kimeisha muda kabla sijakitumia. Kabla sijanunua kingine, nataka kujua: vipimo hivi vinaaminika? Kliniki siendi, watanitazamaje?*

Mwanangu, swali lako nitalijibu upesi, maana silo linalokukosesha usingizi. Marekani ilipoidhinisha kipimo cha mate cha OraQuick mwaka 2012, ilielezwa kwamba mikononi mwa watu wa kawaida kinagundua takriban 92% ya walioambukizwa. Kinaaminika, ila jibu lake halina mamlaka ya mwisho. Maambukizi ya chini ya miezi 3 kinaweza kuyakosa, mistari miwili, yaani jibu chanya, lazima ithibitishwe kituoni, na kuhusu kaswende au kisonono hakikuambii lolote.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Asiyekiamini kifaa huuliza kabla ya kutoa pesa. Wewe ulilipa, ukakiweka, ukaiacha tarehe ipite, ndipo ukakumbuka kuuliza. Kazi ya kipimo cha mate ni kupitisha kijiti kwenye ufizi wa juu na wa chini, kukitumbukiza kichupani na kusubiri dakika 20. Hizo usingeshindwa nazo. Unachoogopa ni dakika inayofuata, ukiwa peke yako chumbani na jibu mkononi, kwa sababu umepanga mambo yako yote asijue mtu hata mmoja. Faragha ni haki yako, na sheria ya Kenya ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2006 inayalinda majibu yako. Lakini kuna siri inayomlinda mtu na kuna siri inayomnyima matibabu, na hii ya pili huota pale mtu anapoanza kuamini kwamba mtu kama yeye hastahili kutunzwa. Imani hiyo naikataa kabisa, nawe uikatae.

Ushahidi kwamba kujipima si lazima kuwe kwa upweke upo. Watafiti wa Marekani waliwatumia vipimo kwa posta wanaume wanaolala na wanaume. Katika mwaka mmoja, zaidi ya 76% yao walijipima mara 3 au zaidi, ilhali kwa wasiotumiwa ilikuwa 22%. Tena waliwagawia marafiki na wapenzi wao, na baadhi ya hao wakagundua wameambukizwa. Vipimo vilisaidia wengi zaidi kwa kuwa havikufungiwa kabatini. Vilipita mikononi mwa watu wanaoaminiana.

Utaniambia Mombasa si Marekani. Kweli. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoadhibu ngono kati ya wanaume, Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kuvifuta mwaka 2019, na muuguzi mmoja asiyechunga ulimi anaweza kumharibia mtu maisha. Sikuiti mwoga. Lakini kujipima si kosa, na hofu hiyo ni sababu ya kuchagua kituo kwa makini, siyo ya kukosa kituo. Vipo vinavyowahudumia wanaume kama wewe bila kuwahukumu. Waulize wenzako wanaovitumia. Huko, jibu lolote lina njia yake. Likiwa hasi, kuna vidonge vya kujikinga, PrEP. Likithibitishwa kuwa chanya, kuna dawa za ARV, na ukizimeza kila siku hadi virusi visionekane kwenye damu, hutamwambukiza mpenzi wako kwa ngono.

Kwa hiyo nunua kingine wiki hii. Kabla hujakifungua, mteue mtu mmoja utakayempigia simu saa hiyohiyo, jibu liwe lolote, na siku ya kwenda kupimwa kaswende uipange mapema. Mwili wako unastahili kutunzwa sawa na wa mwanamume mwingine yeyote, na wa kwanza kulikubali hilo lazima uwe wewe.