KIMEA KWA MBUZI: PIMENI KABLA YA KUNUNUA TREI

Somo la kusoma na kujadili kikundini. Mkitaka kufungua mkutano kwa Neno, someni Mithali 27:23-27. Hapo kuna nyasi na kuna maziwa ya mbuzi.



Juzi baada ya ibada mama mmoja alinishika mkono akaniuliza: "Mwalimu, kuna kijana amekuja kikundi yetu, anauza trei za kuotesha mahindi ya mbuzi. Anasema kilo moja inakuwa kilo saba kwa wiki moja. Ni ukweli ama anatudanganya?" Nilimwambia ni ukweli, lakini si ukweli wote. Kikundi chao kilikuwa tayari kutoa akiba ya mwaka mzima, kwa hiyo tuliketi chini ya mti tukapiga hesabu. Hesabu hiyo ndiyo somo la leo.

Tuanze na jambo tunalolijua. Kimea si kitu kigeni kwetu. Akina mama huotesha wimbi, wakaukausha na kuusaga wa uji wa watoto. (Kimea kina kazi nyingine pia, ambayo wazee wanaijua na kanisa halijawahi kuisifu. Hiyo tuiache.) Kwa mbuzi hatukaushi. Tunaacha nafaka iote siku saba hivi mpaka iwe zulia la majani mabichi lenye mizizi iliyoshikana, na mnyama anakula yote: jani, mbegu na mzizi.

Sasa ile kilo saba imetoka wapi? Imetoka kwa mtungi wako wa maji. Katika kila kilo kumi za kimea kibichi, karibu kilo tisa ni maji. Mkitaka kuona kwa macho yenu, fanyeni hivi: otesheni kilo moja ya nafaka na mpime zulia lake siku ya saba. Kisha litandazeni juani mpaka likauke kabisa kama nyasi kavu, mpime tena. Mtapata chini ya kilo moja. Mbegu imekula sehemu ya chakula chake ikikua, kwa hiyo mnabaki na chakula pungufu kidogo kuliko mlichoanza nacho.

Mbuzi wa kilo 30 anahitaji karibu kilo moja ya chakula kikavu kwa siku. Mkisema mtamlisha kimea peke yake, huyo anataka zaidi ya kilo nane za kimea kila siku, yaani kilo nzima ya mahindi na zaidi. Mbuzi kumi wanamaliza gorogoro tano na nusu hivi kwa siku. Gunia la kilo 90 halifiki siku tisa! Na hayo ni mahindi ambayo watoto wangekula. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, na wengi wetu tuliuza mbuzi kwa bei ya kutupa kwa sababu hatukuwa na kitu cha kuwapa. Ukame kama ule ukirudi, mahindi nayo yatakuwa ghali, kwa hiyo kimea hakiwezi kuwa ndiyo tegemeo la kundi.

Basi hakina faida? Kina faida, kikiwekwa mahali pake. Wakati wa kiangazi mbuzi hula mabua na nyasi kavu zisizo na ubichi wowote. Majani mabichi humsaidia kupata vitamini A, na kitu laini humpa hamu ya kula zile kavu. Kwa hiyo mchague mama mbuzi anayenyonyesha, au anayekamuliwa, au mgonjwa anayepata nafuu. Mpe nusu kilo kwa siku juu ya nyasi zake. Gorogoro moja ya nafaka itawatosha mbuzi wawili wa namna hiyo kwa siku kumi na zaidi. Sungura na kuku nao hukipenda sana. Kwa kuku, ning'iniza kipande cha zulia wadonoe. Anza na kidogo, uongeze kwa siku kadhaa.

Trei za duka hamhitaji. Karai kuukuu, au debe lililokatwa kwa urefu, latosha, bora litobolewe matundu mengi chini na liinamishwe kidogo ili maji yatoke. Shayiri ndiyo bora ukiipata (Narok wanalima), ngano ni nzuri, mahindi yanafaa ila huchelewa kidogo. Chagua mbegu nzima, toa zilizovunjika na takataka. Zioshe, ziloweke nusu saa katika maji yenye kijiko kikubwa cha jiki kwa kila lita, uzisuuze vizuri sana mara kadhaa. Hapo ziloweke katika maji safi usiku mzima. Asubuhi zimwage maji, zifunike kwa gunia safi lenye unyevu mpaka zianze kutoa vijino. Zitandaze katika karai zisizidi unene wa kidole kimoja. Hapa ndipo wengi hukosea kwa tamaa, wakijaza karai mbegu za katikati hupata joto na kuoza. Weka kivulini penye hewa. Nyunyiza maji mara tatu au nne kwa siku. Siku ya saba au ya nane, kata na ulishe siku hiyo hiyo. Osha karai kwa jiki kabla ya kurudia.

Sasa hatari, na hapa naomba msome polepole.

Ukungu. Ukiona utando mweupe, wa kijivu au wa kijani kwenye mbegu, au harufu ya kuoza, tupa zulia lote shimoni. Usikate upande mbaya ukalisha uliobaki. Kuna ukungu wa kimea unaofanya ng'ombe atetemeke, ashindwe kusimama na hatimaye afe. Na mahindi yaliyoharibika ghalani msiseme "haya si ya watu, tuoteshee mbuzi." Mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumu ya ukungu wa mahindi, wengi wao hapa Ukambani, Makueni na Kitui. Sumu hiyo haitoki kwa kuoshwa, na mnyama akiila hupita mpaka kwenye maziwa.

Mbegu za kupanda zilizopakwa dawa, zile za rangi nyekundu au kijani, ni sumu. Hata zikioshwa.

Mtama usiuoteshe kabisa. Chipukizi la mtama lina sumu inayoua haraka, ndiyo maana wachungaji wetu huwafukuza mbuzi kwenye mtama mchanga.

Turudi kwa ile akiba. Yule mama na wenzake waliamua trei zingoje. Walimwita fundi akawatengenezea sanduku la mbao la kufungia nyasi, urefu sentimita 85, upana 55, kimo 45, lisilo na kifuniko wala sakafu. Nyasi zikikatwa zinapoanza kutoa maua, zikakaushwa na kushindiliwa humo, hutoka robota la kilo 20 hivi. Wameweka pia maganda ya migunga katika magunia. Karai mbili za kimea wanazo, za mbuzi wawili wa maziwa.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kikundi chetu kina mbuzi wangapi, na wanahitaji nyasi kavu kilo ngapi kwa miezi mitatu?
2. Ni wanyama gani wetu wanaostahili kimea, na nafaka itatoka kwa nani?
3. Nani ataleta mzani wa kufanya jaribio la kukausha, na tutakutana siku gani kupima?
4. Nani atanyunyiza maji saa sita mchana siku ya soko?