Shada la Majilio: Mafunzo Niliyopata Katika Mabishano ya Desemba

Kila Majilio yanapokaribia, swali huzuka usharikani kwetu hapa Moshi: shada la mishumaa minne mbele ya altare ni la Kikristo, au ni mabaki ya ibada ya jua ya Ulaya ya kale? Mimi nafundisha Shule ya Jumapili. Shemeji yangu ni Msabato asiyeadhimisha Krismasi, na jirani yangu ni Shahidi wa Yehova. Kwa hiyo swali hili nalijibu kanisani, kisha nalijibu tena nyumbani wakati wa chai. Mabishano hayo yamenifundisha mambo kadhaa.

1. Uliza kwanza ni mwaka gani

Wanaolipinga shada huanza na umbo lake. Duara ni jua, wanasema, majani mabichi ni uhai usiokufa wakati wa baridi, na moto ni wa kuliita jua lirudi. Ukisikiliza tu, unaamini. Lakini umbo halisemi tarehe, na tarehe ya shada tunayo.

Mwanatheolojia Mlutheri Johann Hinrich Wichern alifungua Rauhes Haus mjini Hamburg, Ujerumani, mwaka 1833. Yalikuwa makao ya watoto maskini na waliotelekezwa. Inasimuliwa kwamba watoto hao walimsumbua kila siku wakitaka kujua Krismasi itafika lini. Mwaka 1839 akatundika gurudumu la mbao lenye mishumaa mikubwa minne myeupe ya Jumapili na midogo 20 myekundu ya siku nyingine. Mwaka huo Majilio yalianza tarehe 1 Desemba, hivyo siku hadi mkesha wa Krismasi zilikuwa 24 kamili. Kila siku mtoto mmoja aliwasha mshumaa, na wote wakajifunza kuhesabu wakiwa wanangoja. Majani ya msonobari yalikuja baadaye, na mishumaa ikapungua hadi minne ili shada liingie majumbani. Wakatoliki walilipokea kutoka kwa Walutheri: mwaka 1925 lilitundikwa katika kanisa Katoliki mjini Cologne. Ile mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa rangi ya waridi inafuata rangi za liturujia yao.

Hakuna andiko la Wajerumani wa kale linaloeleza shada la mishumaa minne. Hili nalisema bila kusita.

2. Tarehe 25 Desemba ni kesi nyingine

Kuhusu chanzo cha tarehe ya Krismasi sina haki ya kusema kwa uhakika ule ule, na nimewaambia hivyo vijana wangu. Kaisari Aurelian aliweka wakfu hekalu la Jua Lisiloshindwa mjini Roma mwaka 274. Kalenda maarufu ya Roma ya mwaka 354 inataja sikukuu ya Asiyeshindwa tarehe 25 Desemba, na kitabu hicho hicho kinataja kuzaliwa kwa Kristo Bethlehemu siku hiyo hiyo. Wapo wataalamu wanaosema Kanisa liliichukua siku ya jua ili kuishinda. Wengine wanasema Wakristo walipiga hesabu: iliaminika kwamba Kristo alisulubiwa tarehe 25 Machi, na kwamba siku hiyo hiyo ndiyo aliyotungwa mimba. Augustino wa Hippo anaitaja imani hiyo. Ongeza miezi tisa, unafika 25 Desemba.

Mimi naona hoja ya hesabu ina uzito, ila haijaimaliza kesi. Mwalimu anayewaambia watoto kwamba jambo hili limekwisha kuamuliwa, upande wowote, anawanyima ukweli. Injili zenyewe hazitaji tarehe.

3. Fuatilia madai hadi kwa aliyeyaandika

Karatasi nyingi zinazogawiwa mitaani zinamtaja Nimrodi, Semirami na Babeli kuwa chanzo cha Krismasi. Nyingi ya habari hizo zimetoka kwa Alexander Hislop, mchungaji wa Uskoti aliyechapisha kitabu The Two Babylons katikati ya karne ya 19, shabaha yake ikiwa Kanisa Katoliki. Alikuwa akiunganisha majina na alama zinazofanana, na wanahistoria hawakubaliani na njia hiyo. Yeremia 10 nayo hutajwa sana dhidi ya mti wa Krismasi. Isomeni sura yote: fundi anakata mti, anauchonga, anaupamba kwa fedha na dhahabu. Hiyo ni sanamu ya kuabudiwa.

4. Asiyeadhimisha si adui wa Kristo

Wapuriti, Waprotestanti walioishika Biblia kwa mikono miwili, waliipiga marufuku Krismasi huko Massachusetts, Amerika, mwaka 1659, faini shilingi 5, na sheria hiyo ilidumu hadi 1681. Shemeji yangu yumo katika njia ya zamani ya Waprotestanti, nami namheshimu.

5. Tuangalie nasi tunachoshika mkononi

Hili ndilo lililonigusa zaidi. Kwa Wachagga, isale ni jani la kuombea msamaha. Aliyekosa hulipeleka kwa aliyemkosea. Lilikuwepo kabla ya wamisionari wa Leipzig kufika Kilimanjaro mwaka 1893, na Mkristo anayelishika leo akiomba radhi kwa kaka yake haabudu kitu. Vijana walipouliza kama tunaweza kulisuka shada letu kwa masale, nilikubali. Majilio ni majira ya toba, na hapa mlimani hakuna jani linalosema toba waziwazi kuliko hilo.

Nawaomba walimu wenzangu: mnapowasha mshumaa wa kwanza mwaka huu, wasimulieni watoto habari za Wichern na watoto wa Hamburg. Nanyi mnaolikataa shada, likataeni kwa dhamiri yenu na Maandiko, wala si kwa historia ya Babeli isiyo na ushahidi.