Kunasa Sauti za Kiswahili kwa Kipakatalishi: Suala la Mbinu za Utafiti

Utangulizi
Mwanafunzi wa fonetiki au wa fasihi simulizi aendapo nyanjani, aghalabu hutegemea kipakatalishi, yaani tarakilishi ya kupakata, kunasa na kuhifadhi data yake. Lakini sauti isiyonaswa nyanjani haiwezi kurejeshwa maabarani. Makala haya yanashikilia kwamba mipangilio ya sauti ni sehemu ya mbinu za utafiti, wala si jambo la kuachiwa fundi.

Idadi ya vipimo
Tarakilishi hulipima wimbi la sauti mara nyingi kwa kila sekunde. Mitetemo inayohifadhika ni ile isiyozidi nusu ya idadi ya vipimo hivyo. Kwa hivyo, vipimo 8,000 kwa sekunde, vilivyozoeleka katika simu za jadi, huacha nje kila kilicho juu ya mitetemo 4,000. Sehemu kubwa ya nguvu za kikwamizo /s/ imo juu ya kiwango hicho, na tofauti baina ya samani na thamani hufifia. Vipimo 44,100 hufikia mitetemo 22,050, kiwango kinachozidi upeo wa sikio la binadamu.

Aina ya faili
Faili ya WAV ya kawaida huhifadhi kila kipimo. Ile ya MP3 hupunguza ukubwa kwa kuondoa yale ambayo sikio huenda lisiyatambue. Kwa msikilizaji hilo si neno. Kwa mtafiti ni hasara, kwani programu ya uchanganuzi kama Praat, iliyoundwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, hupima pia yale ambayo sikio haliyatambui. Kunasa kwa WAV katika mkondo mmoja, kwa biti 16 na vipimo 44,100, huhitaji takriban megabaiti 318 kwa saa. Nafasi hiyo si kubwa.

Maikrofoni
Maikrofoni ya ndani hukaa karibu na feni na vibonyezo, hivyo hunasa mvumo wake pamoja na usemi. Maikrofoni ya nje ni bora, nayo iwekwe umbali wa shubiri moja, kando kidogo ya kinywa. Katika Kimvita, mpumuo hutofautisha paa la nyumba na p'aa mnyama. Pumzi hiyo ikiigonga maikrofoni moja kwa moja, hutoa kishindo kinachoifunika tofauti yenyewe inayochunguzwa. Aidha, kipengele cha kupunguza kelele kizimwe, kwa kuwa chaweza kuuhesabu mpumuo kuwa kelele. Kiwango cha unasaji nacho kisipandishwe mno: kilele cha wimbi kikikatwa, umbo lake halisi hupotea. Pale betri inapotosha, chaja ichomolewe ili kuepuka mvumo wa umeme.

Hitimisho
Kabla ya msimulizi kuanza, mtafiti anase maneno machache, ayasikilize kwa visikizi, kisha arekebishe. Jaribio hilo huchukua dakika chache tu. Ngano haisimuliwi mara mbili kwa namna ile ile, na msimulizi mkongwe huenda asipatikane tena. Uzembe wa dakika hizo waweza kuinyima lugha ushahidi ambao hakuna safari ya pili itakayouleta.